Jicho la Mama

Mwalimu wa Kiingereza hakuwa na huruma na mwanafunzi aliyejaza "completely" na "totally" kwenye insha. "Acheni chumvi!" alifoka, akikata maksi.

Leo alikuwa kliniki, akimtafsiria mama yake aliyepasuliwa jicho. Daktari mgeni alibandua pamba, akamulika tochi, akatabasamu. "Healed. Completely," alisema.

Vidole vya mama vikamng'ang'ania mwalimu mkono. "Kasemaje? Usinifiche, mwanangu."

"Limepona, Mama! Kabisa! Totally! Yaani kabisa kabisa, entirely!"

Nesi alichungulia mlangoni kuona nani anapiga kelele.

Mama alimgeukia bintiye, akamkagua kuanzia kichwani, taratibu, hadi macho yakatua begani.

"Sasa mbona blauzi umeivaa kinyume," aliuliza, "mishono yote nje?"