Chupa Moja Tu

"Kuramochi!" Kocha Iwakami alikigonga mezani kile kipande cha chuma alichokuwa akikichezea mkononi, bakuli za tambi zikaruka. "Tangu besiboli iingie Japani hajazaliwa kocha kama Kuramochi. Anayebisha na ajitokeze!"

"Nabisha mimi," alisema Nagai, fundi wa mikeka, bila kuinua macho kwenye supu yake. "Kocha bora kuliko wote ni Tadokoro. Kuramochi alikuwa mnyama aliyevaa kofia."

Fusae, mwenye duka hilo la tambi, alikuwa amewasimamia na chupa ya bia mkononi, akisikiliza kila neno. Si kwamba alijali nani bora. Yeye alijali kesho. Kesho Kocha angegawa jezi za kugombea safari ya Koshien, uwanja ambao kila mvulana wa nchi ile huuota. Mwanawe Nori alikuwa mwaka wa tatu akiokota mipira ya wenzake, na jezi hajaipata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Fusae alikuwa ameinama mpaka mgongo unamuuma.

"Nakunywa chupa moja tu," Kocha alikuwa amesema alipoingia, akipangusa jasho. "Vijana wangu wanakimbia." Na kweli, kutoka uwanja wa shule ng'ambo ya barabara zilisikika sauti zao wakihesabu kwa pamoja kama askari, jua la mchana limesimama utosini.

Hiyo ilikuwa kabla ya Nagai kuingia. Sasa Fusae alikuwa anafungua ya tatu.

"Wewe Nagai, tulicheza wote kwa Kuramochi," Kocha alisema. "Hebu sema mwenyewe, Koshien tulifika au hatukufika?"

"Tulifika. Na maji alitunyima. Umesahau tulivyokuwa tukilamba umande? Wewe, Iwakami, wewe huyo huyo, nilikukuta shambani kwa watu unakunywa maji ya mpunga, umepiga magoti kama ng'ombe!"

"Nikainuka mwanamume. Wewe uliinuka nini? Mshona mikeka!"

"Mshona mikeka aliye hai. Saburi yuko wapi?"

Saburi alikuwa mvulana mwenzao, aliyeanguka uwanjani kiangazi kile cha Kuramochi na hakuinuka tena. Mji mzima ulijua, na mji mzima haukulitaja jina hilo.

"Saburi alikuwa na moyo mbovu," Kocha alisema.

"Saburi alikuwa na kiu."

Fusae akajituliza. Ya zamani hayo. Siku hizi pale uwanjani pana koki ya maji, nyuma ya chumba cha vifaa, ameiona kwa macho yake. Mtoto hafi kiu na koki ipo.

Kocha akatazama saa ya ukutani, akaanza kuinuka.

"Kimbia, kimbia," Nagai akamcheka. "Hoja zimekuisha."

Kocha akaketi tena, kiti kikalia. Fusae akamjazia glasi upesi, akamwekea na barafu kwenye sahani. Asubuhi ile, akivaa viatu mlangoni, Nori alimwambia, "Mama, Kocha akija leo, mwache aondoke mapema." Fusae alijua sababu. Mtoto alikuwa anaona haya jinsi mama yake anavyomnyenyekea mtu. Watoto hawajui. Haya haimpi mtu jezi.

"Haya, Tadokoro wako," Kocha alisema, "alishinda nini maishani?"

"Siku ya maziko yake wachezaji wake wote walikuja kumzika. Wote. Hakuna hata mmoja aliyemtangulia."

Kocha aliruka juu ya meza akamkamata Nagai shingoni. Supu ikamwagika, glasi ikapasuka. "Rudia! Rudia uone!"

"Kuramochi alikuwa muuaji! Na wewe ni kivuli chake!"

Ndipo Fusae alipojitia kati. Hakumshika Kocha. Alimsukuma Nagai, kwa mikono yote miwili, mpaka mlangoni.

"Toka! Humtukani Kocha ndani ya duka langu! Tambi zako usilipe, toka tu!"

Nagai alisimama kizingitini, shati limechanika, anahema. Hakumtazama Kocha. Alimtazama yeye.

"Mama Fusae. Hata wewe una mtoto kule."

"Ndiyo maana!" Fusae akamjibu, akaufunga mlango.

Kocha alicheka kwa sauti mpaka akakohoa. Akamaliza kilichobaki kwenye chupa, akajipangusa mdomo.

"Mama Fusae, wewe mpira unaujua kuliko wanaume wa mji huu. Sikiliza. Kesho namba tisa ni ya Nori."

Fusae akainama mpaka paji la uso likagusa meza. Hakutaka aonekane analia. Miaka mitatu! Alipoinuka, Kocha alikuwa ameshaelekea chooni nyuma ya duka, akijishikiza ukutani.

Akaanza kupangusa meza, anacheka peke yake. Atampikia Nori nini leo? Akaokota vipande vya glasi, akakusanya bakuli, na chini ya kitambaa akakuta kile kipande cha chuma Kocha alichokuwa akikigonga. Akakiinua. Kilikuwa na umbo la msalaba, na upande wa chini kina tundu la pembe nne, sawasawa kabisa na kile cha pale kwake, juu ya karo ya kuoshea vyombo.

Kilikuwa kichwa cha koki, kile cha kufungulia maji.

Fusae akageukia dirisha, akasikiliza. Ng'ambo ya barabara hakuna aliyehesabu tena; nyenje tu ndio waliokuwa wakilia.