Printa ya Bondeni

Fundi wa kompyuta alivuta kiti karibu na Shomvi, mkaguzi wa stoo aliyekuwa akizunguka kati ya tawi la mlimani na la bondeni.

"Mzee, nimetumwa na wakubwa. Kuanzia leo ukichapisha ukiwa hapa mlimani, karatasi itatoka hapa hapa. Haiendi tena bondeni."

"Leo ndiyo wamekumbuka?"

Miaka yote aliyolalamika walimwambia asubiri. Karatasi zake zilitokea bondeni, kwenye printa iliyo pembeni ya meza ya mkewe, Zamda, naye alikuwa akimpigia simu: "Baba Mwanne, makaratasi yako yamenijaa huku. Na chai umekunywa, au unashindana na mashine tu?"

Zamda walimzika mwezi uliopita.

"Basi niifute ile ya bondeni," fundi alisema, "isije ikakuchanganya."

"Iache."

"Lakini mzee, meza ile haina mtu siku hizi."

"Nimesema iache. Wakubwa wako wamechelewa hivi, wewe una haraka ya nini?"

Fundi alipoondoka, Shomvi aliandika mstari mmoja: Chai nimekunywa. Akachagua printa ya bondeni, akabonyeza, kisha akaisogeza simu karibu na mkono.