Jina Kwenye Jiwe la Gati

Siku ya mwisho ya safari yao ya meli ziwani, abiria walishuka kutembezwa mjini. Bi Kokushubira, aliyeanza kujifunza kusoma akiwa na miaka sitini na minne, alisimama mbele ya jiwe lenye majina ya wajenzi wa gati.

"Nikusomee, bibi?" mwongozaji alimuuliza.

"Hapana, mwanangu. Baba yangu nitamtafuta mwenyewe."

Kidole chake kilishuka taratibu, jina kwa jina, mpaka kikasimama.

"Za-ka-ri-a... Rwi-za," akasoma. "Zakaria Rwiza! Huyu hapa!"

Wenzake wakapiga vigelegele. Meli ikapiga honi ya kuwaita. Bi Kokushubira hakugeuka. Alikuwa ameshaanza kulisoma jina linalofuata, kwa sauti kubwa zaidi.