Bangili ya Mwanahawa

Tangu shule iwavishe watoto bangili za hisia, Mwanahawa wangu hajalia hata mara moja. Bangili ikibaki ya kijani, mtoto anapanda darasa. Ikiwa nyekundu kwa hasira, anarudia mwaka.

Leo amerudi na alama za meno mkononi, damu imeganda.

"Nani kakung'ata?"

"Faraji wa darasani kwetu, mama. Nikavuta pumzi, nikamwambia ninavyojisikia, tukapeana mikono."

"Halafu?"

"Akaning'ata mkono wa pili. Nikavuta pumzi tena."

Nikampigia mwalimu wao simu, nimefura.

"Hongera, Mama Mwanahawa," akasema. "Wote wawili bangili zao zilikuwa za kijani siku nzima."

"Hata ya Faraji, alipokuwa anang'ata?"

"Hata yake. Ametulia sana siku hizi."

Nikamkatia simu. Nikamfinya mwanangu paja kwa nguvu, alau alie kama watoto wa zamani. Hakulia.

"Umekasirika, mama," akasema kwa upole. "Vuta pumzi."

Kisha akaushika mkono wangu taratibu, akaupeleka mdomoni. Meno yake yalipozama, niliitazama bangili. Ilikuwa ya kijani.