Soli Inayokunjika

Ulimwona, usijitie upofu. Ulimwona yule kijana kwenye maegesho chini ya mlima, akifunga meno ya chuma ya kukanyagia barafu kwenye viatu laini, nawe ukainama ukajifanya unakaza kamba zako.

Ishbel wa kikosi cha uokoaji hakuinama. Majira ya baridi yaliyopita aliteremsha maiti iliyovaa viatu kama hivyo, na asubuhi ya siku ile, marehemu akiwa bado hai, nyote mlimpisha apande, tena mkamsalimia kwa adabu.

"Hebu vua kimoja, mwanangu."

"Aa, mama, vipya hivi! Dukani wamesema ni vya mlimani."

"Vya mlimani kiangazi. Lete."

Ishbel akakishika kwa mikono miwili, akakikunja. Soli ikapinda kama ndala, na meno ya chuma yakafyatuka, yakaanguka kwenye barafu kwa mlio mdogo.

Kijana akayatazama. "Na kule juu?"

"Kule juu mngeanguka pamoja, wewe na hayo meno."

Kijana akaanza kuvua cha pili.

Sasa wewe. Kando ya gari lako yupo mwingine, kavaa jinzi, na theluji imeshamlowesha magoti. Achana na kamba hizo. Inuka, ukamwambie.