Maotea

Kila mmea uani sharti uwe na kibao chake, na kibao hakinyamazi mpaka kijue nani aliyeupanda. Bi Kidawa alikuwa ameinama tangu asubuhi, kiuno kinamwaka moto, akihojiwa na vibao kama mwizi wa kuku.

"Nani amepanda mrehani huu?"

"Mimi, Kidawa binti Shaame. Mara ngapi niseme?"

"Nani amepanda mpapai huu?"

"Hakuna! Maotea hayo."

Kibao kikashukuru, kikanyamaza. Kumbe ndiyo dawa yao! Mchicha? Maotea. Mnavu? Maotea. Mlimau wa pembeni mwa choo? Maotea, maotea! Ndege wamedondosha mbegu, zikaota zenyewe. Sasa amtaje kunguru?

Siku ya tatu binti yake, Mwanakheri, alikuja na simu mkononi, uso umesawijika.

"Mama, Maotea ni nani?"

"Nani tena? Maotea si kitu kilichojiotea! Hujui Kiswahili?"

"Mimi najua, vibao ndivyo havijui. Vimemwandika kuwa mtu. Yeye kapanda mimea arobaini na mmoja, wewe sita. Na aliyepanda mingi ndiye mwenye uwanja."

Bi Kidawa akasonya msonyo mrefu, akachukua kisu akachume mchicha wa mchana. Aliposhika shina la kwanza, kibao kikasema kwa adabu:

"Subiri kidogo, mgeni. Tunamwomba Maotea ruhusa."

"Mwombeni!" Bi Kidawa akacheka kwa hasira. "Mwombeni nimsikie!"

Kibao kikarudi na jibu:

"Amekataa."