Pete ya Kwenye Trei

Fundi wa vito alilikoroga mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa anapiga domo mezani kwake kwenye ukumbi wa maonyesho, na watu wanashika, wanasifu, wanakwenda zao. Kwa hiyo mteja alipookota pete ya fedha kwenye trei, fundi hakuitazama mara mbili.

"Hii ndiyo umeitengeneza kwa moyo," mteja alisema.

"Zote za moyo, dada." Akaifunga haraka, asije akaghairi.

Mkewe akarudi kutoka kusugua vikuku kwa dawa, anajifuta mikono. Kidole chake cha pete kilikuwa na mstari mweupe, laini, wa miaka ya ndoa.

"Umeuza? Hongera, baba watoto! Haya, nipe pete yangu. Niliiweka hapo kwenye trei, dawa isiiharibu."

Fundi akatazama umati mlangoni, ambako mteja alikuwa ameshapotelea.

"Nipe basi, baba watoto."